Runi za Skandinavia: maana zake na matumizi yake ya kiganga yana ushahidi gani?

Mdadisi

Wanajukwaa wenzangu, salaam. Mdogo wangu anayesoma Ulaya amekuja likizo na mfuko wa vijiwe vilivyochorwa alama ambazo anaziita runi za Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia. Kila jioni hutia mkono mfukoni, hutoa vijiwe vitatu na kuvisoma kama apigaye ramli: hiki ni mali, hiki ni dhiki, hiki ni safari. Mfuko una vijiwe 25, na kimoja hakina alama yoyote. Hicho anasema ni cha majaaliwa. Sasa anataka pia kuchorwa mkononi alama ya duara yenye matawi manane, ambayo ameambiwa kwamba iliwaongoza Waviking baharini wasipotee.

Sikuja kumlaumu. Ninachotaka ni kuelewa mambo mawili. Kwanza, maana hizi anazozitaja zimetoka kwa watu wa kale wenyewe, au zimetungwa juzi? Pili, ni kweli kwamba watu wa kaskazini walizitumia runi kwa uganga na uaguzi, na kama ni kweli, tunajuaje? Naomba anayejua anifafanulie kwa ushahidi, si kwa yale yanayozungushwa mitandaoni.

MwalimuMstaafu

Ndugu Mdadisi, runi kwanza ni herufi. Makabila ya Kijerumani ya kaskazini mwa Ulaya yaliziandikia lugha zao, na aliyezibuni lazima alikuwa amekwisha kuona maandishi ya watu wa kusini, kwa maana alama za F, R na B zimekaribiana mno na za Kilatini. Miongoni mwa maandishi ya zamani kabisa yaliyopatikana ni yale yaliyo kwenye chanuo lililotolewa katika kinamasi cha Vimose, kisiwani Fyn nchini Denmark, ambalo ni la mwaka 160 hivi BK. Chanuo hilo lina neno moja tu, *harja*, ambalo huenda ni jina la mwenye chanuo au la kabila lake. Hakuna mungu aliyeitwa hapo wala laana iliyotolewa.

Mfumo wa kwanza ulikuwa na runi 24, na huitwa futhark kwa sababu sita za mwanzo ni F, U, TH, A, R na K. Mpangilio huo si dhana ya wasomi wa leo: jiwe la Kylver, lililopatikana mwaka 1903 katika kaburi kisiwani Gotland, Sweden, lina runi zote 24 zilizochongwa kwa safu katika karne ya 5. Baadaye, katika karne ya 8 hivi, watu wa Skandinavia walipunguza runi zikabaki 16, ilhali sauti za lugha yao zilikuwa zikiongezeka, kwa hiyo alama moja ikabeba K na G, na nyingine ikabeba T na D. Waviking waliandika kwa hizi 16. Mdogo wako anapoviita vijiwe vyake 24 vya Kiviking, amechanganya zama mbili.

Kuhusu maana, ukweli uko katikati. Kila runi ilikuwa na jina, na jina lilikuwa neno la kawaida lenye sauti ya herufi hiyo: mali au mifugo, ng'ombe mwitu, jitu, safari, mvua ya mawe, dhiki, barafu, mavuno, jua. Kwa hiyo mali, dhiki na safari hazikutungwa juzi. Tumeyapata majina hayo hasa kupitia mashairi matatu, moja la Uingereza, moja la Norwei na moja la Aisilandi, yote yakiwa yameandikwa karne nyingi baada ya futhark ya kwanza, na majina ya runi 24 jinsi yanavyotajwa leo yameundwa upya na wanaisimu kwa kulinganisha vyanzo hivyo. Sasa tazama mashairi yenyewe yanasemaje. La Norwei linasema kwamba mali huleta ugomvi baina ya jamaa, na kwamba mbwa mwitu hukulia msituni. La Uingereza linasema kwamba mali ni faraja kwa kila mtu, ila inampasa aigawe kwa ukarimu. Runi ni ileile, na kauli mbili zinaelekea pande tofauti. Wala hakuna shairi hata moja kati ya hayo linalosema kwamba ukiivuta runi hii mfukoni utapata fedha.

Nimalizie na Bergen, Norwei, kwa sababu ndiko runi zinakoonekana mikononi mwa watu wa kawaida. Moto ulipounguza sehemu ya Bryggen, gati la kale la wafanyabiashara, mwaka 1955, wachimbaji walifukua maandishi ya runi yapatayo 670, mengi yakiwa ya Zama za Kati na yamekatwa kwenye vijiti vya mbao. Kuna vibao vya kufungia mizigo vyenye majina ya wenye mali, kuna sala za Kilatini, kuna maneno ya mapenzi. Kimoja kinasema: Gyrda anasema uende nyumbani. Mtu fulani alitumiwa ujumbe huo, na upande wa pili kuna jaribio la kujibu ambalo halisomeki vizuri. Mimi hapo ndipo ninapowaona watu hawa kwa karibu zaidi kuliko katika hadithi zote za miungu.

FundiMbao

Naongeza neno moja kwa upande wa ufundi, maana mimi nachonga milango na masanduku. Ukizitazama runi utaona kwamba karibu zote zimejengwa kwa mistari iliyosimama na ya mshazari, na mistari ya kulala haipo kabisa au ni nadra. Anayeandika kwa kisu juu ya kijiti huelewa mara moja. Nyuzi za mbao zinapita kwa urefu wa kijiti. Ukikata kuzikatisha, alama inatoka safi na inabaki, lakini ukikata sambamba nazo, ama kisu kinateleza na kuupasua mti, ama mkato unajifunga na kupotea miongoni mwa nyuzi. Kwenye chuma na mawe ya zamani kuna runi nyingine zenye mikunjo, kwa hiyo sisemi kwamba mbao ndiyo sababu pekee. Ila umbo hilo linaniambia kwamba lilikaa sana mikononi mwa watu wenye visu viunoni, na kwamba vijiti vingi vilioza kabla sisi hatujaviona.

Mkutubi

Namshukuru Mwalimu kwa msingi huo, nami nitashika sehemu ya uganga, kwa sababu nisingependa Ndugu Mdadisi aondoke akidhani kwamba uganga wa runi ni uzushi mtupu. Ulikuwepo, na vitu vyake vipo makumbusho.

Kuna kipande cha mfupa kilichopatikana mwaka 1840 huko Lindholm, mkoani Skåne, Sweden. Mstari wake wa kwanza unasomeka, kwa kuwa mwandishi anajitaja mwenyewe. Wa pili si sentensi: herufi A imerudiwa mara nane, zikafuata Z tatu, kisha N kadhaa, B, M na U, T tatu, na mwisho neno *alu*, ambalo limo pia kwenye vidani vya dhahabu vya zama hizo na ambalo wataalamu wengi hulichukulia kuwa neno la kinga au baraka. Hakuna anayechonga herufi nane zinazofanana kwa ajili ya kupeana habari. Kuna pia jiwe la Björketorp, lenye kimo cha zaidi ya mita nne, lililosimama tangu karne ya 6 au ya 7, ambalo linasema wazi kwamba runi zenye nguvu zimefichwa hapo na kwamba atakayeuvunja mnara huo atapatwa na kifo cha hila. Na mjini Ribe, Denmark, limepatikana pande la fuvu la binadamu la mwaka 725 hivi, lenye tundu na runi zinazomtaja Odin, mungu mkuu wa watu hao, likielekea kuwa dawa ya kuondoa maumivu.

Fasihi ya Aisilandi, ambayo iliandikwa katika karne ya 13 na watu waliokuwa tayari Wakristo, inaongeza mengi. Katika shairi la Hávamál, Odin mwenyewe anasimulia jinsi alivyoning'inia juu ya mti siku tisa, amechomwa mkuki, bila chakula wala kinywaji, hadi akazinyakua runi huku akipiga kelele. Lakini kisa ninachokithamini zaidi ni cha Egill Skallagrímsson, mshairi na mpiganaji wa Aisilandi. Alifika kwenye nyumba moja akamkuta binti wa mwenyeji, Helga, mgonjwa kitandani. Kijana wa mkulima wa jirani alikuwa amemchongea runi kwa nia ya kumtibu. Egill akapekua kitanda, akaona kipande cha mfupa wa nyangumi kilichochongwa alama kumi za siri. Akazikwangua, akakitupa kipande chote motoni, akaamuru matandiko yaanikwe nje. Kisha akatunga ubeti akisema kwamba asichonge runi mtu asiyejua kuzisoma sawasawa, akachonga nyingine akaziweka chini ya mto, na binti akaanza kupata nafuu. Baadaye ilijulikana kwamba kijana yule alikuwa amekusudia runi za mapenzi na hakuzijua vya kutosha.

Angalieni jinsi uganga huu unavyofanya kazi: nguvu inakaa katika maandishi, nayo huondolewa kwa kuyakwangua. Shairi jingine la hukohuko linasema kwamba runi zilikwanguliwa, zikachanganywa na kinywaji kitakatifu cha asali na kupelekwa mbali. Msomaji wa pwani atakumbuka kombe, aya iliyoandikwa kwa zafarani ikaoshwa ikanywewa, ingawa mila hizi mbili hazina asili moja.

Mdadisi

Nawashukuruni sana. Nimeelewa hirizi, laana na dawa. Lakini bado sijaona popote mtu akitoa runi mfukoni ili ajue ya kesho. Na kile kijiwe kitupu, na alama ya duara, vimetoka wapi?

Mkutubi

Hujaona kwa sababu ushahidi wake ni mwembamba sana. Wanaotetea uaguzi wa runi humtaja Tacitus, Mrumi aliyeandika mwaka 98 BK kwamba Wajerumani walikata tawi la mti wa matunda, wakalipasua vipande, wakavitia alama na kuvitawanya juu ya kitambaa cheupe. Kisha kuhani, au baba wa familia kama jambo lilikuwa la nyumbani, aliinua macho mbinguni na kuokota vitatu. Ndiyo asili ya vijiwe vitatu vya mdogo wako. Tacitus, hata hivyo, anasema alama tu, na chanuo la Vimose ni la miaka sitini hivi baada yake.

Kijiwe kitupu kina tarehe: kiliingizwa mwaka 1982 na Mmarekani Ralph Blum katika seti aliyoichapisha pamoja na mwongozo wake. Hakuna jiwe wala shairi la kale lenye runi isiyo na alama, na kama kijana wako anajali ukale, akitoe mfukoni leo. Alama ya duara huitwa vegvísir, nayo si runi. Imo katika hati ya Aisilandi iliyokusanywa mwaka 1860, karne nane baada ya Waviking. Inatokana na mila ya alama za kichawi za Aisilandi, mila yenye uzito wake yenyewe, kwani mwaka 1625 Jón Rögnvaldsson alichomwa moto kisiwani humo na karatasi zenye runi zikiwa sehemu ya ushahidi dhidi yake.

Kuhusu tatuu, vegvísir haimletei tabu. Ila akibadili mawazo na kuchagua runi halisi, mwambie aitazame kwanza ile ya S yenye umbo la radi. Mwanzoni mwa karne ya 20, Guido von List wa Austria alitunga mfumo wake wa runi 18, akidai kwamba alifunuliwa alipokuwa haoni baada ya kufanyiwa upasuaji wa macho mwaka 1902, na katika mfumo huo runi ya jua ilipewa jina la Sig, yaani ushindi. Wanazi waliichukua na kuiweka mbili mbili kuwa nembo ya SS, kikosi chao cha silaha. Kwa kuwa anasoma Ulaya, ajue kwamba nchini Ujerumani kuionyesha nembo hiyo hadharani ni kosa la jinai, na mchoraji wa tatuu si lazima amwambie.