Nimepata mlango wa zamani wa nakshi, rangi naitoaje bila kuuharibu?

MtuWaKikwajuni
Asalam alaykum jamani. Wiki iliyopita nyumba moja ya zamani mtaani kwetu imevunjwa, mafundi walikuwa washauegesha mlango ukutani wanasubiri gari la kuni, mie nikaona ule ubao wa katikati, mfaa, una kitu kama ua chini ya rangi. Nikamtafuta mwenye nyumba mwenyewe nikanunua kwake, kibali akanipa. Nimefika nyumbani nimekwangua kidogo kwa kisu, chini ya kijani kuna buluu, chini ya buluu kuna nyeupe, halafu ndio mbao yenyewe, na yungiyungi limechongwa majani yote yanaonekana, wallahi nlikaa kitako nikatazama tu. Sasa hizo rangi nazitoaje? Jirani kanambia nimwage kostiki soda. Na ubao mmoja huku chini umeliwa na mchwa, kama shubiri moja hivi, ukibonyeza unaingia kidole. Nataka niuweke mlango wa mbele, si pambo la ukutani.

Seremala_Malindi
Waalaykum salam. Kostiki usithubutu! Inaingia kwenye nyuzi za mbao, mbao inakuwa nyeusi na laini, na hata ukiosha mara kumi mabaki yake yanakuja kuumua rangi au mafuta utakayopaka baadae. Na msasa wa mashine pia uache kabisa, nakshi zile kina chake ni kidogo, dakika mbili tu yungiyungi limekuwa bonge.

Nunua rimuva, dawa ya kutolea rangi, ya kopo ile nzito kama uji, paka, funika na nailoni ili isikauke, iache mpaka rangi ianze kuvimba, halafu kwangua kwa kijiti cha mwanzi ulichokichonga ncha, na kwenye mikunjo tumia mswaki mkuukuu. Fanya kipande kwa kipande, usiupake wote siku moja. Mie mlango kama huo nauchukulia wiki tatu na sioni kama nyingi.

mama_wa_wawili
Niongeze moja tafadhali, watoto wawe mbali. Rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi, vumbi lake likiingia mwilini mwa mtoto linamdhuru akili. Usikwangue pakavu, usichome kwa moto, valia barakoa na glovu, fanyia nje na yale makombo uyafunge kwenye mfuko, usiyafagilie uani kuku wakaokota.

MtuWaKikwajuni
Ahsante dada, nna mtoto wa miaka miwili, nimeshauhamishia kibandani nikatia kufuli. Fundi, nitajuaje ni mbao gani? Na hapo palipoliwa nijaze simenti ya mbao?

Seremala_Malindi
Kwangua upande wa nyuma mpaka upate mbao mbichi. Ikiwa ya manjano ni mfenesi, huo kwa umri unageuka kahawia ndio mana juu hujui. Ikiwa kahawia ya dhahabu na ukipapasa kama ina mafuta mafuta, huo msaji. Palipoliwa usijaze kitu, kata mpaka ufike mbao nzima, kata kwa mshazari si wima, halafu unga kipande cha mbao ile ile na nyuzi zielekee njia moja. Lakini kwanza hakikisha mchwa wameondoka, maana utakuwa unawapelekea chakula kipya.

Mpemba_wa_Wete
Kwetu vyombo vya baharini tunapaka sifa, lakini mlango wa nyumba usipake, ile harufu ya mafuta ya papa wageni watakukimbia. Mafuta ya nazi nayo hayakauki, yanashika vumbi. Tumia mafuta ya linsidi, yale ya mbegu za kitani, paka membamba, futa yanayobaki juu, ngoja yakauke ndio urudie. Na hapa nisikilize vizuri yakhe, matambara uliyofutia usiyakunjekunje ukayatupa ndani ya ndoo. Mafuta yale yakikauka yanatoa joto, tambara likikunjwa joto halina pa kutokea. Mie la kwangu lilianza kutoa moshi saa tisa usiku, bahati nlikuwa macho. Yaanike yakiwa yamekunjuliwa au yaloweke maji.

Halafu ukuta wako wa nini? Ikiwa wa mawe na chokaa basi pembeni ya fremu zibia kwa chokaa, usizibe kwa saruji. Ukuta wa mawe unavuta unyevu kutoka chini, chokaa inaupumua nje, saruji inauzuia pale pale kwenye mbao na miaka michache fremu imeoza.

MtuWaKikwajuni
Wa mawe na chokaa, wa babu. Shaba za mlango nimejaribu moja kwa ndimu na chumvi, inang'aa lakini nimeosha haraka kwa maji isije ikaila mbao. Mbao ni ya manjano, mfenesi. Leo nimemaliza jani moja la yungiyungi, saa mbili nzima, na nimeona alama ya patasi ya fundi aliyechonga, mstari mdogo umemteleza pembeni. Kesho naanza jani la pili.