Mrejesho: vitunguu vya friza visigandane

Niliuliza kwa nini vitunguu maji vilivyokatwa vinagandana bonge moja kwenye friza. Tatizo ni unyevu. Ukishakata, vipanguse kwa kitambaa kikavu, vitandaze safu moja kwenye sinia, vigande saa 2 hivi, ndipo uvitie mfukoni na kutoa hewa yote. Kuvichemsha kwanza hakuna haja.

Harufu ndiyo ya kuangalia sana: tumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, la sivyo hata barafu ya kunywa itanuka kitunguu.

Usiviyeyushe. Tia vikiwa vimeganda, kidogo kidogo, maana barafu hurusha mafuta. Vinafaa mchuzi na maharage. Kachumbari hapana, vinalegea kwa sababu barafu hupasua seli zake. Katika nyuzijoto -18, ladha hubaki nzuri miezi 3 hadi 6. Asanteni sana!