Stili ya pedali inanibana magoti, nina futi 6 na inchi 5. Nifanyeje?

NgoshaMrefu, Igoma

Habari za jioni wakuu.

Kanisani kwetu hapa Mwanza kuna gitaa la stili la pedali, lile linalosimama kwa miguu minne na kupigwa limelazwa. Lina nyuzi kumi, pedali tatu chini na leva tano za magoti, tatu za goti la kushoto na mbili za kulia, zote za kupandisha au kushusha noti za nyuzi. Aliliacha mmisionari mmoja Mmarekani aliporudi kwao, likawa linakula vumbi stoo mpaka nilipoliombea ruhusa. Najifunza kwa video. Tyuni yake, yaani noti nyuzi zilivyopangiwa, ni E9 na mkono umeshaanza kuelewa, kinachonishinda ni miguu.

Urefu wangu ni sentimita 196. Nikikaa pale magoti yanabanwa kama ya abiria wa siti ya nyuma ya haisi. Goti la kushoto linaisukuma ile leva ya kwenda juu muda wote, kwa hiyo uzi wa tano umeshuka kabla sijagusa kitu. La kulia ndiyo balaa, maana mguu wenyewe uko juu ya pedali ya sauti, ile ya pembeni ya kuongeza na kupunguza sauti. Nimejaribu stuli fupi, magoti yakazidi kupanda na mabega yakaanza kuuma.

Kutoka sakafuni mpaka ukingo wa chini wa ubao wa mbele ni sm 61. Miguu ya nyuma ina bolti ya kurefushia kidogo, ya mbele haina. Nawaza nipeleke kwa mchomeleaji aongeze vipande chini. Kuna aliyewahi kufanya? Natanguliza shukrani.

Dagaa_wa_Kirumba

Pole ngosha, hivyo vitu havikutengenezwa kwa ajili ya watoto waliokua kwa maziwa na michembe. Weka matofali chini ya miguu yote minne, mambo yaishe. Hela ya kuchomelea nunua sato.

FundiShafti, Nyakato

Mdogo wangu, usichomelee chochote, na huyo wa Kirumba mwache ale sato wake. Mimi kazi yangu ni kukereza shafti za mashine za mitumbwi. Wikiendi nagonga stili kwenye bendi ya harusi, kwa hiyo chombo hicho nakijua juu na uvunguni.

Tazama upau unaobeba pedali umefungwa wapi. Umefungwa kwenye miguu miwili ya mbele. Ukiweka tofali chini, gitaa linapanda na pedali zinapanda nalo. Kisigino chako kinabaki sakafuni huku vidole vikitafuta pedali hewani, na ile nafasi kati ya pedali na leva za magoti imebaki vilevile. Sentimita moja, moja na nusu, unaweza kuiiba kwa njia hiyo, ukarefusha kidogo fito, vile vyuma vyembamba vinavyounganisha pedali na mashine ya juu, ili pedali zishuke. Kwa mtu wa kimo chako haitoshi. Urefu unatakiwa uongezwe juu ya upau, pale mguu unapoingia kwenye bodi.

Sasa pima, na upime ukiwa umevaa viatu unavyopigia, siyo kandambili. Tafuta kiti ambacho mapaja yanalala sambamba na sakafu na viwiko vinakuja usawa wa nyuzi au juu yake kidogo. Hicho ndicho kiti chako na ukishakipata usikiguse tena, maana watu wengi wanahangaika kurekebisha gitaa kumbe kiti ndicho kinachobadilika kila siku. Mtu mwingine apime kutoka sakafuni mpaka juu ya paja karibu na goti, kila mguu peke yake, wa kulia ukiwa juu ya pedali ya sauti. Kwa goti la kushoto ongeza sentimita tatu, kwa sababu ile leva ya kwenda juu inahitaji goti litulie chini yake bila kuigusa. La kulia halina leva ya namna hiyo, likipita tu bila kukwaruza ubao inatosha.

Hapo ndipo matofali ya Kirumba yanapata kazi. Chomoa fito kwenye pedali, zilale tu. Weka mbao chini ya miguu yote minne mpaka ukingo wa gitaa ufike kimo ulichopata, kaa, sukuma kila leva kushoto na kulia, inama kidogo kama unapiga. Utajua kama kimo ni sahihi kabla hujatoa hata shilingi. Leta vipimo hapa kwanza.

OtiStili_Kisumu

Ndugu, salamu kutoka huku Kisumu, tunakunywa maji ya ziwa moja. Mimi nina futi sita na inchi tatu na nimepitia hayo yote. Fundi amesema vizuri. Naongeza mawili.

Pedali ya sauti isogeze mbele. Mguu ukinyooka kidogo goti linashuka, na unaweza kupata sentimita nzima bila kukata chuma. Usiisogeze sana, la sivyo paja litazikuta leva za kulia mahali pasipo pake.

La pili ni kiatu. Mguu mrefu huja na kiatu kipana. Zile pedali tatu zinaitwa A, B na C. A na B unazikanyaga pamoja kila wakati, hiyo ndiyo sauti yenyewe ya stili, lakini kiatu cha namba 47 chenye soli nene kitaikanyaga na C bila wewe kujua. Pedali A inapandisha uzi wa tano kutoka noti B kwenda C#, na pedali C nayo inaupandisha uzi huohuo pamoja na wa nne. Ukiikanyaga kwa bahati mbaya, uzi wa nne unatoka E kwenda F# na kwaya nzima inakugeukia. Mimi nina viatu vyembamba vya ngozi vya kupigia tu, sivai kwingine.

Halafu kuna watu hapa watakuambia stili ni ya wazungu wa muziki wa kantri wa Nashville peke yao. Waambie wamsikilize Demola Adepoju kwenye bendi ya King Sunny Adé, Nigeria. Ni muziki wa juju, na stili ya pedali imekaa katikati ya ngoma zinazoongea.

NgoshaMrefu, Igoma

Shikamoo mzee FundiShafti, na asante sana kaka Oti. Nimepima kama mlivyosema. Kushoto sm 63. Kulia, juu ya pedali ya sauti, sm 65 na ushee. Niliposukuma pedali ya sauti mbele kulia kukashuka karibu na 64.

Nimejaribu na mbao za mninga za sentimita tano chini ya kila mguu, fito zikiwa zimechomolewa. Mzee, nimekaa kama binadamu. Leva zote nazifikia. Sasa ndiyo nataka kujua vipande vinatengenezwaje, na hizo fito inakuwaje maana zitakuwa fupi.

Dagaa, matofali yako yamesaidia, ila sato bado hujanunua.

FundiShafti, Nyakato

Marahaba. Kushoto 63 na tatu ni 66, gitaa liko 61, kwa hiyo tano. Kulia unabaki na kama sentimita mbili. Safi. Tano ni karibu sawa na inchi mbili, ndicho kimo ambacho warefu wengi huishia.

Ukerezewe vipande vinne vinavyolingana, unene uleule wa mguu ili visionekane kama kiraka. Juu kila kipande kina bolti ya kuingia kwenye bodi, chini kina tundu lenye thredi la kupokea mguu. Ukipata chuma cha pua ni bora zaidi, kwa sababu unyevu wa ziwa chuma cha kawaida unakitafuna, na kikishika kutu ndani ya tundu la alumini kutoka ni vita.

Thredi ndiyo kazi yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Gitaa la Marekani limetengenezwa kwa inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94. Bolti ya milimita 8 tunayouziwa kila duka la vipuri ukiiweka kando yake ni mapacha, jicho halitofautishi. Lakini hatua ya thredi siyo moja: ya milimita 8 ya kawaida inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko, ya 5/16 ina thredi 18 au 24 kwa inchi kutegemea aina. Ukilazimisha, itaingia mizunguko miwili mitatu kwa mkono, halafu itakaza. Kijana wa gereji atadhani ni uchafu, atachukua spana. Sauti utakayosikia ni ya tundu la bodi likichanika, na tundu hilo huwezi kulinunua sokoni Makoroboi. Kwa hiyo sikuambii ya kwako ni saizi gani. Chukua mguu wenyewe, umpelekee fundi mkononi, apime kwa geji ya thredi. Usimtumie picha kwa simu.

Angalia pia miguu ya mbele ukiwa umesimama mbali kidogo. Kama imesimama wima, upau wa pedali utakaa ulipokuwa. Kama imetanuka kwenda pembeni, kuirefusha kutaitanua zaidi pale upau unapofungwa, na vishikio vyake vitahitaji kulegezwa na kupangwa upya. Usiupinde upau kuufuata mguu.

Fito sasa. Zote tatu zirefushwe kwa kiasi kilekile ulichoinua bodi. Usihangaike na unene, fito ya pedali kazi yake ni kuvutwa tu, haisukumwi wala haibebi mzigo wa kupinda. Njia rahisi ni nati ndefu ya kuunganishia na kipande cha fito chenye thredi juu na chini, halafu nati ya kubana kila upande ili isijifungue. Ukitaka usafi, kereza fito mpya nzima na uhamishie vile vichwa vyake vya mwisho. Za zamani tunza. Siku mtu mfupi akitaka kupiga, unatoa vipande, unarudisha fito za zamani, gitaa limerudi lilivyokuwa. Ndiyo maana nilikataa kuchomelea. Kitu cha kanisa hakichomelewi kwa ajili ya goti la mtu mmoja.

Leva usizipinde. Nyingi ni alumini ya kumimina, haipindi, inakatika.

NgoshaMrefu, Igoma

Wakuu nimerudi. Vipande vimefungwa, vinang'aa kuliko gitaa lenyewe. Thredi zilikuwa za inchi kweli, fundi alitaka kunipa za milimita nikamwonyesha mguu, tukaelewana.

Kukaa nakaa vizuri, leva ya juu haiguswi tena. Lakini sasa pedali A noti haifiki. Uzi wa tano unapanda kutoka B unakwama chini ya C#, kama umechoka njiani. Pedali B na C ziko sawa. Nizungushe zile nati za plastiki za tyuni pale mwisho wa gitaa?

OtiStili_Kisumu

Ngoja kwanza! Usiguse tyuni. Lala chini na tochi uangalie pedali A ukiikanyaga.

FundiShafti, Nyakato

Oti amekujibu. Nati za tyuni hazikuwa na kosa jana, hazina kosa leo. Fito ya A imekuwa ndefu mno, pedali inafika sakafuni kabla mashine ya juu haijafika kikomo chake. Mwenzako akanyage A, wewe pitisha karatasi chini ya pedali. Ikibanwa, umepata jibu. Ifupishe mzunguko mmoja mmoja mpaka noti ifike na karatasi ipite.

Ukizidisha kuifupisha utaona kinyume chake. Fito itakuwa imekaza hata mguu ukiwa mbali, na uzi wa tano utapanda kidogo ukiwa wazi. Shika fito kwa vidole viwili, uitikise. Iwe na mchezo mdogo sana, usikike kama inagonga kidogo. Ukishaupata kaza nati za kubana, kisha fanya vivyo hivyo kwa B na C hata kama zinasikika sawa, ili pedali zote tatu zilingane kimo na kifundo kisiwe kinapanda na kushuka.

Na miguu kaza kwa mkono, siyo kwa spana, lakini kaza kila unapotua. Sasa una viungo vinane badala ya vinne, na gitaa refu linayumba zaidi. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka jana, 2025, sisi tunakwenda kupiga harusi Sengerema na kurudi usiku uleule, na baada ya ile barabara sijawahi kushusha stili nikakuta miguu yote minne imekaza.

NgoshaMrefu, Igoma

Karatasi ilibanwa. Nimefupisha, C# imefika. Nimeipiga mbele ya mwalimu wa kwaya, kauliza tu kwa nini gitaa limekuwa juu hivyo na kama sasa yeye ataweza kuona upande wa akina mama.

Dagaa_wa_Kirumba

Mwambie naye apande juu ya matofali.