Ateri ya begani imetobolewa na kisu: stenti au kufungua?

Mleta uzi
Wakuu, naomba ushauri. Kijana kachomwa kisu chini ya mtulinga wa kushoto. Presha 118/76, uvimbe haukui, mapigo ya kiwiko cha mkono ni hafifu, vidole vina joto. CT ya mishipa inaonyesha ateri imetoboka na kufanya kifuko cha damu pale inapoingia kwapani. Kidole cha pete na cha mwisho vina ganzi. Mngeanza na lipi: stenti iliyofunikwa (bomba dogo la waya lenye kitambaa, linalopitishwa ndani ya mshipa kuziba tundu), au kufungua kwa upasuaji?

Kisu na Uzi
Presha ndiyo inayoamua. Huyu ametulia, kwa hiyo stenti iliyofunikwa inafaa. Damu ingekuwa inaruka, uvimbe unakua au presha inashuka huku anaongezwa damu, ni thieta moja kwa moja. Ila vidole vyenye joto visikutulize: mishipa midogo inayozunguka bega hulisha mkono hata ateri kuu ikiwa imekatika kabisa.

Kufungua hapo ni kazi nzito, maana lazima uishike ateri upande wa jeraha unaotoka moyoni kabla hujagusa damu iliyoganda. Kushoto, chimbuko lake liko ndani ya kifua, unalifikia kwa mbele kupitia nafasi ya 3 au ya 4 kati ya mbavu. Kulia unapasua mfupa wa kidari. Kisha mkato juu ya mtulinga na mwingine chini yake, na pengine mtulinga wenyewe ukatwe, huku vena na neva zimebanana palepale.

Waya Mwembamba
Ingia na waya wa kuongozea stenti kupitia ateri ya kinenani. Pima ateri isiyojeruhiwa pande zote mbili za jeraha, uchague stenti pana kidogo, kwa asilimia 10 hadi 20: ateri ya mm 7, stenti ya mm 8. Iache ishike sentimita 2 za ukuta mzima kila upande. Waya ukigoma kupita, toboa ateri ya mkono wa juu, leta waya wa pili kutoka chini, uunase kwa kitanzi na uutoe kinenani.

Kabla ya kuifyatua stenti, tazama ateri ya uti wa mgongo inapochipukia. Ukilazimika kuifunika, hakikisha ya upande wa pili inatosha kulisha ubongo.

Mwambie mgonjwa ukweli pia: kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza stenti hubanwa, na inaweza kuvunjika au kuziba. Ni kijana, ataishi nayo miaka mingi. Dawa za kuzuia damu kuganda, yaani aspirini na klopidogreli miligramu 75 kwa siku, kama hana jeraha la kichwa, na altrasaundi ya mishipa mwezi wa 1, wa 6 na wa 12.

Neva Kwanza
Hiyo ganzi msiipite haraka! Stenti inaziba tundu, haiondoi damu inayokandamiza neva. Pima nguvu na hisia za kila kidole kabla ya dawa ya usingizi, uandike. Udhaifu ukiongezeka baadaye, fungueni mtoe damu. Stenti ikiwa imeshakaa, mkato huo ni salama zaidi.

Mleta uzi
Na presha ikiporomoka katikati ya kazi?

Waya Mwembamba
Usiuvute waya. Pitisha puto juu yake, ulijaze taratibu upande wa jeraha unaotoka moyoni hadi damu ikome, kisha mpasuaji afungue jeraha huku puto likiwa bado ndani.