Karatasi ya kwaya ya Neema

Mama Neema: Shikamoo mama, shikamoo wifi Eda. Wengine hamjambo humu. Neema kaja na karatasi ya kwaya ya shule, natakiwa kuisaini irudi kesho asubuhi. Nimeisoma mara ya kwanza nikadhani kachaguliwa kwenda jeshini.

Mama Neema: 📷 Picha

Ba'mdogo Elia: Shemeji picha ina giza kama umepigia chini ya kitanda. Andika tu.

Mama Neema: Umeme umekatika shem 😅 Haya naandika yale makubwa. Kufika kabla mwalimu hajaingia. Hakuna pipi wala bigijii. Kila mtu na daftari lake la solfa (zile do-re-mi) na PENSELI, kalamu hairuhusiwi. Hakuna kuegemea ukuta wala dawati. Sauti moja ikifundishwa, nyingine zote kimya. Mwalimu akiinua mkono, hata mwenye neno mdomoni analimeza. Kumcheka mwenzako, unatoka nje. Kukosa mazoezi bila taarifa, hupandi jukwaani. Mwisho: "atakayekiuka atapewa adhabu kali".

Ba'mdogo Elia: Penseli tena? Kidato cha kwanza hao au chekechea?

Tumaini: Ba'mdogo usianze 😂 Msubiri shangazi, hii ni fani yake.

Shangazi Eda: Marahaba mke wetu. Nilikuwa jikoni. Hiyo karatasi kaiandika mtu anayeijua kazi, isipokuwa huo mstari wa mwisho, tutaurudia.

Shangazi Eda: Elia, penseli ni kwa sababu mwalimu hubadilisha. Leo anasema vuteni pumzi baada ya neno la tatu, wiki ijayo anaona wimbo unakatika vibaya, anasogeza. Mwenye kalamu daftari lake linakuwa la kufutafuta mpaka hasomi kitu. Solfa yenyewe ni herufi, nukta na vistari tu, kistari kimoja ukikiruka umeachia sauti wenzako bado wameishikilia.

Tumaini: Kumbe bado wanatumia solfa. Nilijua imeshapitwa na wakati.

Shangazi Eda: Ipitwe na nini? Ubao na chaki vinatosha, huhitaji kinanda wala karatasi yenye mistari mitano. Mama mmoja Mwingereza, Sarah Glover, ndiye aliyeuanza huo mtindo karne ya 19, John Curwen akauendeleza, wamisionari wakatuletea. Nimefundishia hiyo maisha yangu yote.

Mama Neema: Wifi, mimi linalonisumbua ni hilo la kunyamaza. Neema anasema wanakaa kimya muda mrefu mno, wakifundishwa besi wao wanaambiwa hata kunong'ona hakuna. Mtoto anachoka.

Shangazi Eda: Hapo ndipo kwaya inapofia au inapopona. Piga hesabu: sauti nne, soprano ya juu kabisa, alto chini yake, tena, halafu besi ya chini kabisa. Besi wakifundishwa, watu wa sauti tatu hawana kazi. Wakianza stori, besi hawamsikii mwalimu, anarudia. Akirudia, wale wengine wanachoka zaidi, stori zinaongezeka. Saa nzima inaisha wameshika mistari miwili. Nimeona kwaya zina sauti nzuri kuliko zote wilayani zinaenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, na wimbo nusu kwa sababu hiyo tu.

Shangazi Eda: Lakini kunyamaza si kukaa kama gunia. Mwambie Neema, yeye ni alto si ndiyo? Besi wakiimba, yeye afuate mstari wake wa alto kwenye daftari kwa macho, mdomo umefunga. Asikilize besi wanapita wapi. Siku ya kuunganisha sauti, alto aliyekuwa anapiga soga anavutwa na soprano mpaka anaimba wimbo wao. Aliyesikiliza habanduki.

Mama Neema: Ndiyo ni alto. Na ndiye alitolewa nje Jumanne, sikutaka kusema.

Ba'mdogo Elia: Eeeh! Kwa kosa gani?

Mama Neema: Kucheka. Kuna kijana wanasimama naye alto, walikuwa wanapanda kwenda do ya juu, sauti yake ikapasuka katikati, ikatoka kama ya jogoo anayejifunza kuwika. Neema anasema hakukusudia. Darasa zima lilicheka ila yeye ndiye alishindwa kuacha.

Tumaini: 😂😂😂 samahani

Shangazi Eda: Unaona, na wewe ungetolewa.

Shangazi Eda: Sikilizeni. Mvulana wa umri ule koo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Hajui noti gani itatoka na ipi itagoma, na kesho inaweza kugoma nyingine. Mwalimu mzuri humshusha sauti ya chini akamjaribu tena, humpa noti chache anazozifikia, hamlazimishi za juu. Yote hayo ni bure kama wenzake wanacheka. Atafanya nini? Ataanza kufungua mdomo bila kutoa sauti, na huyo huwezi kumjua kirahisi kwenye kundi.

Ba'mdogo Elia: Subiri kwanza dada. Baraka wangu siku hizi kanisani anafungua mdomo tu. Mimi nikajua ni kiburi cha ujana.

Shangazi Eda: Muulize taratibu, mkiwa wawili. Usiulize mbele ya dada zake.

Ba'mdogo Elia: Sawa dada.

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

Tumaini: Kwa walio kazini: Bibi anasema Neema amwombe yule kijana radhi, asitume mtu. Pia anauliza kwa nini wasiegemee ukuta, watoto wametoka shule tangu asubuhi. Na anauliza sare ya kwaya ni bei gani.

Shangazi Eda: Mama, mtu aliyejikunja hana pa kuweka pumzi. Mbavu zimefungwa, tumbo limebanwa, anaimbia kooni. Baada ya nyimbo mbili kakauka. Miguu iachane upana wa mabega, mikono pembeni, uso juu. Na MAGOTI WASIYAKAZE. Hili waalimu wengi husahau kulisema. Mtoto akisimama kakaza magoti muda mrefu, damu inakaa miguuni, anaanguka chini jukwaani watu wanadhani mapepo. Mwalimu mwenye huruma atawapumzisha wakae katikati, kukaa kunaruhusiwa, kuegemea ndiyo hapana.

Mama Neema: Na bigijii?

Shangazi Eda: Vuta pumzi ya haraka ukiwa na pipi mdomoni utajua mwenyewe.

Tumaini: Sasa turudi kwenye "adhabu kali". Mama Neema usisaini hapo kabla hujauliza. Viboko hapa Tanzania vina kanuni zake za 2002: haviruhusiwi kuzidi vinne, anayechapa ni mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Mwalimu wa kwaya hawezi kujiamulia tu kwa sababu mtu kachelewa.

Ba'mdogo Elia: Sisi mbona tulichapwa na tukaimba.

Shangazi Eda: Mliimba vibaya Elia, nilikuwepo. Mtoto aliyetoka kulia koo limebana, umpe noti ya juu saa hiyo utapata nini? Tumaini kasema kweli. Si kugombana na mwalimu, ni kumwomba aandike adhabu ni ipi. Neno "kali" kila mtu analipima kwa mkono wake.

Mama Neema: Na Jumamosi? Mazoezi ni saa mbili asubuhi, na Neema ndiye anakaa gengeni mimi nikienda kuchukua mboga. Siwezi kufunga.

Shangazi Eda: Karatasi imesema "bila taarifa". Toa taarifa leo, usingoje Ijumaa usiku. Alto huwa wachache, mmoja akikosekana mwalimu anapanga upya. Akijua mapema anaanza na soprano, Neema akifika anakuta zamu yao.

Mama Neema: Haya. Nimesaini, nyuma ya karatasi nimeandika mambo mawili: adhabu kali ni ipi, na Jumamosi Neema atafika saa tatu na nusu. Neema kaahidi ataomba radhi kabla ya kipindi cha kwanza.

*Kesho yake*

Mama Neema: Jamani mwalimu kajibu vizuri tu. Adhabu kali ni kukaa nje ya mazoezi siku hiyo na kunakili solfa ya sauti yako mara mbili. Viboko havipo. Jumamosi kakubali. Na radhi imeombwa, yule kijana kapangwa upya, anasimama nyuma ya Neema.

Ba'mdogo Elia: Kunakili solfa ni adhabu au ni zawadi?

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:21)

Tumaini: Bibi anarudia: sare bei gani.

Mama Neema: Mama, sketi nyeusi ipo, ya dada yake, nitashusha pindo. Blauzi nyeupe ndiyo sina.

Ba'mdogo Elia: Blauzi niachie mimi shem. Nitumie saizi.

Shangazi Eda: Na penseli nunueni mbili. Moja ataazimwa na haitarudi.