Kanisa limepigwa bomu tangu 1940, mbona hawaliezeki?

TuktukBarani:
Wadau habari zenu. Jana nilimbeba mzee mmoja Mwingereza mpaka kale kakanisa ka Mreno hapa Malindi, kale ka makuti pale karibu na bahari, akakaa ndani kama nusu saa mi nangoja nje na jua lile, alipotoka akanionyesha picha kwa simu eti hili ndo kanisa la kwetu Coventry. Jamani kuta tupu! Paa hakuna, madirisha hayana vioo, mvua ikinyesha inaingia yote. Nikamuuliza pesa za kuezeka zimekosekana? Akacheka mpaka akakohoa, akasema tumeliacha hivyo makusudi tangu vita vya Hitla. Sikutaka kuonekana mshamba nikanyamaza. Kuna anayejua hiyo stori? Ijumaa namchukua tena twende magofu ya Gede.

DadaWaShella:
Kaka mi nimekaa Coventry miaka miwili nasoma uuguzi, hapo nilikuwa napita kila siku nikienda kupanda basi. Ilikuwa usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, ndege za Wajerumani zaidi ya 500 zikaupiga ule mji kuanzia jioni mpaka karibu alfajiri kwa sababu kulikuwa na viwanda vya silaha na injini za ndege, watu zaidi ya 500 wakafa, na kanisa la St Michael ambalo lilikuwa na miaka mia tano na zaidi likaungua paa lote likaanguka ndani, ukabaki mnara na kuta za nje. Sasa fundi mmoja wa mawe akaona boriti mbili zilizoungua zimelaliana kama msalaba, akazifunga na kuzisimamisha. Kasisi mwengine akaokota misumari mitatu ya lile paa la zamani akaifanya msalaba mdogo, na misalaba ya misumari kama hiyo imepelekwa makanisa mengi duniani, hata Berlin kwenyewe, kwenye kanisa jengine waliloliacha na mnara uliovunjika.
Kanisa jipya wanalo, liko ubavuni tu, alilichora Basil Spence likafunguliwa 1962. Kwa hiyo si shida ya mabati hiyo 😂

Lakini kilichonikaa mimi ni maandishi ya ukutani nyuma ya madhabahu ya magofu. Mkuu wa kanisa wakati ule, Howard, aliandikisha maneno mawili tu, kwa Kiswahili ni "Baba Samehe". Si "Baba uwasamehe" kama Yesu alivyosema msalabani. Ile "wa" imetolewa. Yaani hakusema wasamehewe Wajerumani, alimwombea kila mtu akiwemo yeye.

MzeeKofia:
Binti umeeleza vizuri ila mimi sioni gofu linaleta amani gani. Marehemu baba alikuwa akituhadithia ndege za Mtaliano zilivyoangusha mabomu hapa hapa Malindi, mwaka huo huo wa 1940. Leo Mtaliano ana hoteli, ana pizza, na watoto wetu wanamwambia ciao bichi nzima. Tuliacha gofu gani? Hata jiwe hakuna na tunaishi vizuri tu.

MpishiWaBichi:
Mzee shikamoo. Mi napika kwa Wataliano mwaka wa tisa huu na hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua kama walitupiga. Kuna babu mmoja mteja wa kila siku nilimwambia hiyo habari, akaweka uma chini, tambi zikapoa. Kesho yake akaja kuniuliza mabomu yaliangukia wapi hasa, na mi sina pa kumpeleka. Ndo hapo sasa.

MzeeKofia:
Marahaba. Hapo umenishika kidogo. Lakini huyo Mwingereza naye mji wa Dresden kule Ujerumani si waliupiga mabomu 1945? Mbona hiyo hatuonyeshwi kwa simu?

DadaWaShella:
Mzee ndo maana "wa" ikatolewa! Na hawaifichi. 1965 vijana wa Coventry walikwenda Dresden wakasaidia kujenga upya hospitali iliyopigwa, na kabla ya hapo vijana wa Kijerumani walishakuja Coventry kufanya kazi ya ujenzi pale pale magofuni. Miji hiyo miwili ni marafiki rasmi mpaka leo. Na kila Ijumaa saa sita mchana wanakusanyika kwenye hizo kuta wanasoma dua, kila mstari wanaitikia Baba Samehe. Mvua inanyesha, wamesimama na miavuli.
@TuktukBarani kwani we Gede ushawahi kuuliza mbona ule msikiti hauezekwi? 😂

TuktukBarani:
😂😂 nimekoma dada. Ahsanteni nyote. Kumbe Ijumaa saa sita, na mimi saa hizo natafuta msikiti. Basi nitamtoa Gede mapema, nimuulize kama nimteremshe kwa yule Mreno tena, mi nikimaliza swala nampitia. Dua yake nusu saa hawezi kumaliza kabla yangu, nishamjua.