Van ya kulala niliyoinyanyua sentimita 5 inadunda kama mbuzi. Nianze kufungua wapi?

Kobe_wa_Chuma

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kabla sijampoteza rafiki wa mwisho anayekubali kusafiri nami.

Gari ni Toyota HiAce, lile umbo lililoanza 2004, bodi refu, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Nimeligeuza nyumba kwa mikono yangu: kitanda, kabati la mbao, friji ndogo, betri mbili, tangi la maji la lita 80. Miezi minane iliyopita nikalinyanyua sentimita 5 kwa sababu nilichoka kusikia tumbo likikwaruza kwenye makorongo. Mbele, fundi alikaza toshenibaa (ile fito ya chuma inayojipinda, ndiyo springi ya mbele) mpaka urefu ukapatikana. Nyuma aliweka vipande vya chuma vya milimita 50 kati ya springi na ekseli (mhimili wa magurudumu), akafunga yu-bolti ndefu, zile bolti za umbo la U. Nyuma ilipoanza kukaa chini kwa mzigo, akaongeza jani moja, yaani bamba la chuma, kwenye kila springi. Jani nene kweli, nadhani lilitoka kwenye gari kubwa kuliko hili.

Sasa sikilizeni. Nikivuka tuta, hata mwendo wa kilomita 20 kwa saa, mbele inapanda vizuri tu. Ikianza kuteremka upande wa pili nasikia "ko!" chini ya nyayo, kama mtu kaipiga chesisi kwa nyundo iliyofungwa kitambaa. Mnajua HiAce dereva unakaa juu ya tairi, kwa hiyo ile "ko" inakuja mpaka kwenye meno. Nyuma ndiyo vituko: kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi inacheza kiuno, inasogea pembeni bila kuniuliza. Juzi sufuria ilitoka kabatini ikanipita begani. Tairi za mbele zimeliwa upande wa nje, na nikilitazama gari kwa nyuma limeinamia kulia.

Nimeshauriwa ninunue shokapu ndefu nne, eti zilizopo ni fupi kwa urefu huu. Kabla sijatoa hela: ni kweli? Au nishushe gari nikubali yaishe?

---

FundiJeki

Dada Kobe, hela zako zikae mfukoni kwanza. Ushauri uliopewa ni nusu kweli, na nusu iliyobaki itakuumiza.

Mbele haihitaji shokapu ndefu. Shokapu ya mbele imefungwa kati ya wishboni ya chini (mkono unaoshika gurudumu) na chesisi. Kukaza toshenibaa hakujasogeza wishboni wala mahali shokapu iliposhika, na mwisho wa wishboni kwenda juu na mwisho wake kwenda chini ni uleule uliotoka nao kiwandani. Ukifunga ndefu, siku ukiingia shimoni itafika mwisho wa kujikunja kabla gurudumu halijafika mwisho wa kupanda, nayo itapasuka au ing'oe kishikio chake.

Watu wengi hawaelewi hapa. Wanasema "toshenibaa imekazwa ndiyo maana gari limekuwa gumu". Fito ni ileile, unene uleule, na uzito inaoubeba ni uleule, kwa hiyo inajipinda karibu kiasi kilekile. Fundi wako alichobadilisha ni pembe ambayo mkono unaanzia. Gurudumu lina nafasi fulani ya kupanda na nafasi fulani ya kushuka. Ulipopandisha gari, ulichukua milimita 50 kutoka kwenye ile ya kushuka ukaziongeza kwenye ya kupanda. Sasa ukivuka kilele cha tuta gurudumu linataka kushuka lifuate barabara, halina pa kushukia, wishboni inagonga kile kipira cha kuzuia. Hiyo ndiyo "ko" yako.

Usiniamini bure. Egesha mahali tambarare, bandika kipande cha selotepu kwenye ukingo wa bodi juu ya gurudumu, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi hapo. Usipime kutoka chini, upepo wa tairi utakudanganya. Kisha piga jeki kwenye chesisi polepole, weka stendi, pima tena gurudumu likining'inia kabisa. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo nafasi ya kushuka uliyobakiwa nayo. Utuletee namba.

Ukiwa chini hapo tazama na mipira inayofunika sivijointi za mbele, vile viungo vya shafti zinazozungusha magurudumu. Gari lako linavuta mbele pia, na ukilinyanyua shafti zinakaa kwa pembe kali zaidi. Mpira ukichanika grisi yote inarushwa ndani ya rimu.

---

Njia_Mbovu

Mimi nilikuwa na "ko" hiyohiyo. Nilitoa vile vipira vya juu nikafunga vyembamba, kelele ikaisha siku ileile. Kazi ya saa mbili, spana na jeki tu. Kwa nini tumzungushe dada wa watu?

---

FundiJeki

Njia_Mbovu, kelele imeisha, lakini kazi ya kile kipira kaipokea nani? Ukikipunguza sana, wishboni inashuka mpaka shokapu ndiyo inakuwa kizuizi, au boli jointi (kiungo kinachoshika gurudumu kwenye wishboni) inafika mwisho wa kugeuka kwake, na sivijointi nazo zinakunjwa kuliko zilivyopangiwa. Vyembamba kidogo sawa, ila mtu apime kwanza kwamba shokapu bado ina akiba gurudumu likining'inia. Wewe ulipima?

---

Njia_Mbovu

Sikupima. Na shokapu ya kushoto inavuja mafuta, asante kwa kunikumbusha.

---

Mzee_wa_Grisi

Binti yangu, vijana wameshika mbele, mimi niiseme nyuma, maana huko ndiko kunaweza kukuua.

Kwanza vile vipande vya chuma. Kipande kimoja kizuri, kilichokaa sawasawa na chenye tundu la senta bolti, hakina ubaya. Viwili vimebebana, hapana, hata kama umeviona kwenye magari ya wenzako. Ukikanyaga mafuta au breki, ekseli inataka kujizungusha, na kadiri kipande kilivyo kirefu ndivyo inavyopata nguvu ya kuipinda springi. Yu-bolti zikiwa za zamani zilizofunguliwa na kurudishwa, tupa, funga mpya. Nazo zikazwe tena baada ya kilomita mia kadhaa, kwa sababu chuma kinakaa na majani yanajipanga.

Pili, breki. Ingia chini utazame kama kuna kifimbo kinachounganisha ekseli na vali ndogo ya breki kwenye chesisi. Kama kipo, kazi yake ni kupima nyuma ilivyokaa chini: mzigo ukizidi, kinaruhusu breki ya nyuma ifanye kazi zaidi. Wewe umeisogeza ekseli mbali na bodi kwa milimita 50. Vali inaamini gari ni tupu siku zote, na wewe umebeba nyumba. Breki ya mbele inafanya kazi ya wawili. Kishikio cha kifimbo kile kishushwe kwa kiasi kilekile cha kipande, halafu breki zijaribiwe mahali salama. Tazama pia paipu ya mpira ya breki ya nyuma ekseli ikining'inia, isiwe imekaza kama kamba ya nguo.

Shokapu za nyuma, hizo kweli ni fupi sasa, kwa sababu huku ekseli yenyewe imehama. Hiyo ndiyo nusu ya kweli aliyoisema Jeki.

Tatu, lile jani. Gari lako si la mizigo linaloenda limejaa na kurudi tupu. Limejaa leo, limejaa kesho. Hiyo ni bahati, maana springi inaweza kuchongewa uzito mmoja tu ikakaa vizuri. Lakini lazima uujue uzito huo. Umewahi kulipima? Nenda kwenye mizani ya magari, maji yakiwa tangini na wewe ukiwa kwenye usukani. Magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, halafu upande wa kulia peke yake. Linganisha na kibao cha uzito cha gari, na ujue kunyanyua hakuongezi hata kilo moja kwenye kile kibao.

Na kama unataka kujua nyuma inafika mwisho wa kupanda au la, paka grisi kidogo kwenye ncha ya kile kipira cha juu ya ekseli. Tembea barabara yako ya kawaida, rudi utazame. Ukikuta grisi imepiga muhuri kwenye ekseli, umepata jibu bila kumlipa mtu.

---

Kobe_wa_Chuma

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Nimeshinda chini ya gari siku mbili, kucha zangu hazitamaniki.

Mbele, nafasi ya kushuka: milimita 14 kulia, 17 kushoto. Nilipoona wishboni imekaribia kipira namna ile hata kidole changu hakikupita, nikajiona mjinga. Mpira wa sivijointi ya kulia umeanza nyufa kwenye mikunjo, haujachanika.

Mizani: mbele kilo 1,180, nyuma 1,420, jumla 2,600. Kibao sijavuka, ila nimekaribia kuliko nilivyodhani. Upande wa kulia 1,375, kushoto 1,225. Tangi liko kulia. Betri ziko kulia. Nani alizipanga? Mimi, ili nyaya ziwe fupi.

Grisi ya mzee: baada ya kilomita 30 za vumbi ilikuwa ileile, haijaguswa, hata vumbi limekaa juu yake kama unga. Kwa hiyo nyuma haifiki juu kabisa. Na kifimbo cha vali kipo, kimening'inia pembe ya ajabu.

---

FundiJeki

Namba nzuri hizo. Grisi haijaguswa maana yake jani lile ni gumu mno: springi haijikunji, gari zima linaruka. Litoe. Mpelekee fundi springi namba ya mizani, kilo 1,420 nyuma, akupangie majani ya uzito huo, na ukipata kimo kwenye springi yenyewe upunguze kipande.

Mbele shusha milimita 20 hivi, kisha alaimenti (kunyoosha mwelekeo wa magurudumu), kwa mpangilio huo. Alaimenti kabla ya kupanga kimo ni kuoga kabla ya kulima.

Betri hamishia kushoto. Kilo 60 zikitoka kulia zikaenda kushoto, umbali uleule kutoka katikati, tofauti inapungua kwa 120. Usinyooshe mwinamo kwa kukaza toshenibaa moja kuliko nyingine, utakuwa unaficha tu.

---

Kobe_wa_Chuma

Mrejesho, wiki tano baadaye.

Nimeshusha mbele milimita 22. Nafasi ya kushuka sasa ni 36 na 38. "Ko" imebaki kwenye matuta yale makali tu, na hata hapo ni kama mtu anabisha hodi kwa adabu. Baada ya alaimenti usukani unarudi wenyewe, nilikuwa nimesahau unavyotakiwa kuwa.

Nyuma jani nene limetoka, springi zimepangwa upya, kipande sasa ni milimita 25, yu-bolti mpya, shokapu za urefu unaofaa nyuma tu. Nilizikaza tena yu-bolti baada ya kilomita 300, na mzee alisema kweli, nati zote nane zilikubali robo mzunguko. Kishikio cha vali kimeshushwa. Breki nilizijaribu kwenye uwanja mtupu: zamani pua ilikuwa inachimba chini, sasa gari linakaa lote pamoja. Betri ziko kushoto, nyaya nimenunua upya.

Makorongo? Kwenye lile baya kuliko yote nimekwaruza mara moja, kidogo, pembeni. Najua mstari wa kupita, nilipotea kwa kuzungumza.

Kuna kelele moja bado, nyuma kushoto, "tik tik tik" kwenye makunyanzi. Nimekagua bushi, vishikio vya shokapu, stabilaiza, nikalala chini rafiki akiendesha taratibu. Ni komeo la kabati la sufuria.